Baridi inaaga, joto linapiga hodi



Mwezi huu nilipokea barua ya mama mmoja wa Likasi. Anauliza hivi: Pasta, asubuhi tunavaa makoti, na saa nane ya mchana tunatoka jasho. Watoto wanakohoa, kisima cha lupango kinashuka, na bwana wangu anasema mvua haiko mbali. Ni nini inabadilika juu yetu, na tufanye nini mbele ya mvua kuja?

Mama, asante kwa ulizo lako. Limefika kwa wakati wake. Tuko mwezi wa nane. Baridi inatuaga, lakini haijafunga mizigo yake yote. Joto limesimama mlangoni. Na mimi, kwa miaka ambayo nimetembelea nyumba za wagonjwa na za wenye matanga, nimeona jambo moja: baridi yenyewe haitushindi sana, na joto lenyewe haliwezi kutushinda. Siku za kugeuka, zile za katikati, ndizo zinatukamata, kwa sababu tunaamini anga la jana. Mwezi huu nitawaeleza kwanza namna majira yanavyogeuka kwetu, kisha tutaangalia mambo tano ambayo anga la jana linatudanganya.

Sababu gani kwetu kuna baridi?

Watu wa Kinshasa wakija Lubumbashi mwezi wa sita wanashangaa. Wanasema, Afrika gani hii ya kuvaa sweta? Ni kwa sababu inchi yetu iko juu. Lubumbashi iko zaidi ya metre 1.200 juu ya bahari, na Kolwezi iko juu kuliko pale. Tena tuko mbali na ikweta, upande wa kusini, karibu digri 11 na nusu.

Katika mwezi wa sita na wa saba, jua liko upande wa kaskazini. Mishale yake inatufikia kwa kuinama. Wakati uleule, upepo unatoka kusini-mashariki, na ni upepo mkavu. Hauna mawingu. Sasa sikiliza vizuri, kijana: wingu ni sawa blanketi ya inchi. Mchana udongo unapata joto, na usiku udongo unalirudisha juu. Kama kuna mawingu, wanalizuia. Kama anga ni safi, joto lote linatoroka, na asubuhi unakuta hewa imeshuka chini ya digri 10. Kwa hiyo usiku wenye nyota nyingi ndio usiku wa baridi kali.

Hewa baridi ni nzito kuliko hewa moto. Inateremka sawa maji na kulala mabondeni. Ndiyo maana bustani ya lenga-lenga iliyo kule chini kwenye dembo inaungua na baridi, na ile ya jirani aliye juu ya kilima inabaki mzima. Kwenye nyanda za juu za Biano na Kundelungu, miaka mingine, asubuhi watu wanaona hata umande ulioganda mweupe juu ya majani.

Sababu gani joto linakuja mbele ya mvua?

Watu mingi wanafikiri kwamba mvua inaleta joto. Hapana. Angalieni jua. Tangu mwisho wa mwezi wa sita linaanza kurudi kwetu kidogo kidogo. Katikati ya mwezi wa nane unaona saa za mchana zinawaka. Mwezi wa tisa ni joto la kweli. Mwezi wa kumi, mchana unapita digri 30, na huo ndio mwezi wa moto kuliko yote kwetu.

Vijana, fanyeni jaribio hili. Simikeni fimbo ya metre moja katikati ya lupango. Tarehe 21 ya mwezi wa sita, saa sita ya mchana kule Lubumbashi, kivuli chake kinafika karibu sentimeta 70, nacho kinaelekea kusini. Basi pimeni mwezi huu, halafu pimeni tena kila juma. Kivuli kitazidi kupunguka. Karibu na tarehe 21 ya mwezi wa kumi kwa watu wa Kolwezi, na tarehe 24 hivi kwa watu wa Lubumbashi na Kipushi, saa sita ya mchana fimbo itakosa kivuli kabisa. Siku ile jua liko juu ya utosi wenu, sawasawa.

Sasa unganisheni mambo mawili. Jua liko juu ya utosi, na mawingu ya masika hayajafika bado. Hakuna kitu cha kutukinga. Ndiyo sababu mwezi wa kumi unatuchoma. Mvua zinapoanza kushika, mara nyingi mwezi wa kumi na moja, mawingu wanafunika jua, udongo unalowa, na joto linashuka. Mvua ndiyo inazima moto, haiuwashi.

Miti ya pori inajua kalenda hii kuliko sisi. Mwezi wa tisa, bila tone moja la mvua, miombo inatoa majani mapya, mekundu sawa shaba iliyosuguliwa. Inatumia maji iliyo chini sana ambayo mizizi yake mirefu inafikia. Na katika njia za Lubumbashi jakaranda zinafungua maua yake ya zambarau. Ukiona hivi, usiulize tena kama majira yanageuka. Yamekwisha kugeuka.

Na wenye kutabiri wanasema nini?

Zamani wazee waliangalia miti, ndege na mwezi. Leo kuna pia satelaiti. Ile ya Meteosat, ambayo ya kwanza ilirushwa mwaka 1977, inakaa kilometre 36.000 hivi juu ya ikweta na kupiga picha za mawingu ya Afrika mchana na usiku. Tena kuna mkutano wa wataalamu wa hali ya hewa wa inchi za kusini mwa Afrika, ambao tangu mwaka 1997 hufanyika mbele ya kila masika. Congo yetu iko ndani yake kwa njia ya SADC. Wanaangalia bahari, maana bahari ikipata joto au ikipoa, upepo na mvua zinabadilika mbali kabisa. Kisha wanatangaza mvua ya toka mwezi wa kumi mpaka mwezi wa tatu: kama itapita kawaida, itakuwa ya kawaida, au itapungua.

Lakini mjue kusoma tangazo lile. Wakisema kuna bahati 40 juu ya 100 kwamba mvua itapungua, hawakusema itapungua. Wamesema tu upande ule una uzito zaidi. Ni neno la kujitayarisha, si ahadi. Tena wakitangaza kwamba juma hili baridi inapunguka na juma lijalo joto linapanda, wanasema juu ya inchi nzima. Hawajui bonde lako. Usiku mmoja wa upepo wa kusini unaweza kurudisha baridi kwako hata katikati ya mwezi wa nane.

Na hapo ndipo anga la jana linatudanganya mara ya kwanza.

Neno la kwanza: mbabula

Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa nane kama huu, joto lilikuwa limeanza. Familia moja ya kanisa letu walikuwa wamekwisha kuweka blanketi zao nzito katika sanduku. Usiku mmoja upepo ukageuka. Baba akaingiza mbabula ya makala ndani ya chumba cha watoto, akafunga mlango na kuziba dirisha na nguo. Hakutaka watoto wake wateseke. Karibu na saa tisa ya usiku yule mdogo alilia. Mama akaamka, akaanguka, akasimama tena, akafungua mlango. Ni kilio kile kiliwaokoa watu tano. Asubuhi walikuwa wanatapika wote na kushika vichwa vyao, na jirani mmoja alikuwa anasema ni mtu amewaloga.

Hapana, ndugu. Hakuna aliyewaloga. Makala yanayowaka katika chumba kilichofungwa yanatoa hewa mbaya isiyo na rangi wala harufu. Hata kama moshi umekwisha na makala ni mekundu mazuri, ile hewa inatoka bado. Inaingia katika damu na kukamata nafasi ya hewa nzuri. Mtu anasikia kichwa, kizunguzungu, usingizi. Usingizi ule ndio mlango wa kifo.

Kwa hiyo: mbabula ilale nje, kila usiku, mwaka mzima. Msiweke blanketi sandukuni mpaka mwezi wa tisa uishe. Watoto walale pamoja, wavae soksi. Na ukikuta watu wamelemewa, fungua milango yote, watoe nje kwenye hewa, kisha uwapeleke lupitali bila kukawia.

Neno la pili: vumbi na maji

Mama wa Likasi anasema watoto wanakohoa. Tangu mwezi wa tano hakuna mvua ya kulaza vumbi. Malori ya machimbo yanapita mchana na usiku, na vumbi yetu si udongo mtupu. Mwaka 2009 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wa Leuven kule Ubelgiji walitoa uchunguzi wao: watu wanaokaa karibu na machimbo na viwanda vya Katanga walikutwa na kobalti nyingi sana katika mkojo, na watoto kupita wakubwa. Mtoto anacheza chini, anaweka mkono kinywani.

Hatuwezi kusimamisha malori. Lakini tunaweza kumwaga maji kidogo mbele ya kufagia, na kufagia wakati watoto hawako karibu. Tunaweza kufunika bukari na sombe, kuosha mikono ya watoto mbele ya kula, na kuacha viatu na nguo za kazi mlangoni. Baba, ile salopeti yako usiitundike juu ya kitanda cha mtoto.

Sasa maji. Kisima kinashuka kwa sababu maji ya chini ya udongo imekaa miezi bila kuongezwa. Itazidi kushuka mpaka masika ishike. Wakati ule tunaanza kuteka matope ya chini, ama tunaenda mtoni. Na joto linapopanda, mtoto anatoka jasho na kunywa kila maji anayoikuta. Kuhara kunaanza, na kipindupindu hakiko mbali na sisi. Mambo mawili hapa.

La kwanza, chemsheni maji, ama tieni dawa ya klore kwa kipimo chake. Yule ambaye makala yamemshinda bei, atumie jua lenyewe. Chukua chupa ya plastiki inayoona ndani, isiyopita litre mbili, uioshe. Tia maji safi isiyo na matope. Kama yana matope, yachuje kwanza na kitambaa, yatulie. Funga, laza chupa juu ya manjanja, kwenye jua kali, masaa 6. Kama mawingu yamefunika nusu ya anga, iache siku 2. Jua linaua vidudu. Halitoi vumbi ya machimbo wala dawa za viwanda; kwa hiyo maji ya mtoni karibu na kiwanda msiyanywe hata kama yamekaa juani.

La pili, mtoto akihara, jasho na kuhara vinamkausha upesi kuliko wakati wa baridi. Litre 1 ya maji iliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko vijazwe sawasawa, visipite. Umpe kidogo kidogo, huku mnaenda lupitali. Msingojee kesho.

Neno la tatu: mbu

Wakati wa baridi tunasahau mbu, na neti inafanywa pazia la kuku ama ya kuvulia samaki. Tunafikiri malaria imekwisha. Haikuisha, ililala. Kidudu cha malaria kinahitaji joto ili kikomae ndani ya tumbo la mbu. Kule kwenye baridi, chini ya digri 18 hivi, kile kibaya zaidi kinakwama. Usiku unapopata joto, kinaendelea, na mvua ya kwanza inaleta madimbwi ya kuzalisha mbu wengine. Vitu viwili vinakutana: joto na maji.

Basi mwezi huu, si ule wa kumi na mbili, toeni neti. Shoneni matundu. Ioshwe kwa upole na sabuni ya kawaida, na ianikwe kivulini, maana jua kali linaharibu dawa iliyo ndani yake. Fukieni mashimo ya udongo wa matofali karibu na nyumba. Kazi ya saa moja sasa itawazuia kulala siku tatu na mtoto kwenye lupitali wakati wa masika.

Neno la nne: moto na mbegu

Hapa nitaungama. Watu wengine wanafikiri pasta hakosei katika mambo ya shamba.

Mwaka mmoja, kabla mwezi wa kumi haujaisha, mvua kubwa ilinyesha siku mbili. Udongo ukanukia vizuri. Nikamwambia bibi yangu, twende tupande. Akanijibu, Baba, mvua hii ni mgeni, haijalala kwetu. Nikacheka. Mbegu ya mahindi ilikuwa imenunuliwa na feza aliyochunga kwa kuuza ndizi mwaka mzima. Tulipanda yote. Juma mbili jua likawaka bila wingu. Mahindi yaliyokuwa yameota yakakauka, na yale hayajaota yakaliwa na panya. Mwezi wa kumi na moja, mvua ya kweli iliposhika, majirani walipanda, na sisi tulikuwa tunatafuta mtu wa kutukopesha kilo tano za mbegu. Bibi yangu hakunisemea neno. Ile ndiyo iliniumiza zaidi.

Mvua ya kwanza inatokea kwa wingu moja lililojazwa na joto la mchana. Masika ni jeshi zima linaloteremka kutoka kaskazini, na linakuja kwa hatua. Ngojeni mpaka udongo ulowe kina cha mkono, na mvua irudi tena mara mbili, tatu. Na hata hivyo, msipande mbegu yote siku moja. Gawanyeni.

Na wenye kuchoma pori: kuna moto na moto. Kule Ndola, ng'ambo ya mpaka katika Zambia, tangu mwaka 1933 watu wa misitu walichoma vipande vya pori kwa wakati mbalimbali na kulinganisha. Moto wa mapema, mwanzo wa kiangazi, majani yakiwa na maji bado, hauumizi sana miti. Moto wa mwezi wa tisa na wa kumi, wakati majani yamekauka na miombo inatoa chipukizi, unaua pori. Yule anayechoma sasa ili kukamata panya wawili anaunguza makala ya wajukuu wake, na uyoga, na asali. Tena upepo wa mwezi wa tisa hauna rafiki: unaweza kuuchukua moto mpaka nyumba za majani za jirani.

Msiseme kwamba sisi ni watu wa machimbo, shamba halituhusu. Mwezi wa pili wa mwaka 2024 Zambia ilitangaza kwamba ukame umekuwa msiba wa taifa. Mbingu ilikauka kule ng'ambo, na bei ya bunga ikatupata sisi hapa sokoni. Tumbo la mchimbaji linategemea mvua sawa tumbo la mkulima.

Neno la tano: shimo

Nimeliacha hili mwisho, kwa kuwa ni la ninyi vijana, na ni zito.

Mwisho wa kiangazi ni wakati ambao watu mingi wanashuka mashimoni. Udongo umekauka, maji ya chini yameshuka, unaweza kuchimba mbali. Na mwezi wa tisa ni wa kulipa masomo. Ninawaelewa. Sikai juu ya kiti nikiwahukumu. Nimekula kwenye meza ambazo bukari yake ilitoka shimoni.

Kulikuwa kijana mmoja wa kwaya yetu. Sauti yake ilikuwa ya chini, ile inayoshika wimbo mzima. Alichimba pamoja na wenzake wanne tangu mwezi wa saba. Kila jioni aliniambia, Pasta, ukuta wa shimo letu ni sawa simenti. Na ilikuwa kweli. Udongo mwekundu ukikauka unakuwa mgumu, unasimama wenyewe bila mti wa kuutegemeza. Usiku mmoja mvua ya kwanza ikanyesha, si nyingi. Asubuhi jua likatoka, anga likawa bluu. Wale wawili wakubwa walisema wangoje. Yeye alikuwa amebakiza mifuko mitatu ili atimize feza ya mdogo wake wa kike, ya kuandikishwa masomo. Akashuka peke yake. Ukuta uliokuwa simenti miezi mitatu ulianguka kwa kipande kimoja.

Tulimtoa saa kumi ya jioni. Nilikuwapo. Mikono yake ilikuwa imeshika mfuko.

Sikilizeni sasa namna hii inafanyika. Kiangazi kinapasua udongo; mnaona nyufa nyembamba juu ya uso wa inchi. Mvua ya kwanza inaingia ndani ya nyufa hizi. Juu panakauka upesi kwa sababu ya joto, na mtu anafikiri maji imekwisha. Lakini ndani imeshuka. Udongo uliolowa ni mzito zaidi, na wakati uleule umepoteza nguvu ya kushikana. Mzigo umeongezwa, na mkono wa kuushika umelegea. Unaweza kusimama siku moja, unaweza kusimama tatu. Kisha unaanguka bila kupiga hodi. Kwa hiyo anga la bluu asubuhi ya kufuata mvua ni mwongo mkubwa kuliko yote.

Wewe unayeshuka, nakuomba mambo haya. Mvua ya kwanza ikinyesha, toka, na usirudi katika shimo lisilotegemezwa, hata kama jua linawaka. Ukiona ufa mpya mdomoni mwa shimo, vijiwe vinavyodondoka vyenyewe, ama ukuta unaotoka jasho, usirudie chombo ulichoacha chini. Usishuke peke yako. Usishushe pampu ya mafuta ndani ya shimo, maana moshi wake ni ndugu wa ile hewa ya mbabula, unaua vilevile. Na mtoto mwenye umri wa chini ya miaka 18 asiwe pale kamwe. Ndivyo inavyosema hata sheria ya inchi.

Na ninyi wazazi, neno kwenu pia. Mara nyingi kijana anashuka siku mbaya kwa sababu nyumbani kuna hesabu ambayo haijatimia. Tuulizane mapema, mwezi huu wa nane, wakati shimo ni kavu bado: ni feza ngapi inakosekana kwa masomo ya watoto? Nani anaweza kukopesha? Mwalimu anaweza kungoja mpaka mwezi wa kumi na moja? Wamama wa kikundi chetu walianza kufanya hivi kisha matanga yale. Kila mmoja anatoa kidogo toka mwezi wa tano, na mwezi wa tisa wanagawanya. Si feza nyingi. Lakini mifuko mitatu ya yule kijana haikuwa feza nyingi vilevile. Mdogo wake amekwisha kumaliza masomo. Wamama ndio walilipa.

Kwa kumaliza

Mama wa Likasi, natumaini nimekujibu. Chukua karatasi, uandike na watoto wako. Mwezi wa nane: blanketi zisiondoke, mbabula nje, neti zishonwe, hesabu ya masomo ifanywe. Mwezi wa tisa: maji ya kunywa yachungwe, vumbi ilazwe, moto wa pori ukatazwe. Mwezi wa kumi: kunywa maji mara kwa mara, kufanya kazi nzito asubuhi mapema, kutoka mashimoni mvua ya kwanza inaponyesha, na mbegu ibaki ndani ya debe. Mwezi wa kumi na moja: mvua ikishika, tupande.

Bandika karatasi ile ukutani, pale bwana wako anatundika kofia yake ya kazi. Mwambie mvua haiko karibu kama anavyofikiri, lakini itakuja.

Na ninyi vijana, msisahau ile fimbo. Mniandikie mwezi wa kumi na moja mniambie ni siku gani kivuli kilikosekana kwenu. Nitachapisha majibu, Mungu akipenda, na majina ya kambi zenu.

Mpaka mwezi ujao. Mkae salama.